Bomba la miaka arobaini: lina maji ya kuzima moto?

Maswali ya wasomaji kuhusu majengo, maji na moto

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa tano hapa Kisutu, Dar es Salaam. Chini kuna maduka ya nguo na vyombo, juu ni ofisi. Maduka yana springla za kuzima moto tangu jengo lijengwe, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Maji yako kwenye tangi la zege uani. Pampu inayasukuma kupitia bomba la chuma la inchi 4 lililofukiwa chini ya ua, kama mita 60, hadi valvu kuu ndani ya jengo. Sasa kampuni ya bima inataka barua ya mtaalamu inayosema maji yanatosha. Fundi wa kwanza aliangalia geji ya presha, ikasoma bar 4, akasema mfumo ni mzima. Wa pili hakugusa kitu. Aliuliza umri wa bomba tu, akasema ng'oeni lote, la ndani na la nje, akatoa bei iliyomnyima mwenye jengo usingizi. Nimwamini yupi?
Msimamizi wa jengo, Kisutu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamwamini yeyote kati yao, fanya maji yatembee ndani ya hilo bomba.

Fundi wa kwanza amesoma presha ya maji yaliyolala. Mifumo mingi kama wenu ina pampu ndogo, mafundi tunaiita joki, ambayo kazi yake ni kushikilia presha tu. Maji yasipotembea hakuna msuguano, na pasipo msuguano kutu haina presha ya kula. Bomba la inchi 4 linaweza kubanwa na kutu hadi likabaki na njia ya kupitisha kidole, na geji ikaendelea kusoma bar 4 usiku na mchana. Nimesimama mbele ya geji za namna hiyo: sindano imetulia, mwenye jengo anatabasamu, tukafungua valvu ya majaribio na sindano ikaporomoka hadi karibu na sifuri. Huo ndio usomaji ambao springla zingeupata siku ya moto.

Fundi wa pili naye amehukumu kwa umri peke yake. Umri unatoa tahadhari, hautoi hukumu. Nimeona mabomba ya zamani sana yakiwa safi ndani, na mengine ya juzi yameoza. Kinacholisha kutu ni oksijeni. Maji yakifungiwa ndani ya chuma, oksijeni iliyomo inatumika, inakwisha, na kutu inapunguza kasi. Lakini kila mara mfumo unapomwagwa na kujazwa upya, unaletewa oksijeni mpya. Jengo ambalo wapangaji wanabadilisha dari kila mara, na kila badiliko linamwaga mfumo mzima, mabomba yake yanazeeka mapema. Hali ni mbaya zaidi pale mtu alipounga koki ya kuoshea magari au bomba la choo kwenye njia ya springla, maana hapo maji mapya yanapita kila siku. Nakuomba leo hii ulifuate bomba lenu kutoka kwenye pampu, hatua kwa hatua, uone kama kuna kitu cha namna hiyo kimeungwa. Ukikikuta, kikatwe kabla ya kipimo chochote.

Sasa jiulize: maduka yenu yanahitaji maji kiasi gani? Kwa kiwango cha Ulaya cha BS EN 12845, maduka huingia kwenye hatari ya kawaida, kundi la tatu. Maana yake ni milimita 5 za maji kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 216. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo zidisha, unapata lita 1,080 kwa dakika, na zinatakiwa ziendelee kwa dakika 60. Hizo ni karibu lita 65,000. Hesabu kamili ya mtaalamu hupanda kidogo, kwa kuwa springla zilizo karibu na chanzo hutoa maji mengi kuliko zile za mbali. Na kama wapangaji wamepanga marobota ya nguo hadi karibu na dari, kundi la hatari linabadilika na maji yanayotakiwa yanaongezeka. Kwa hiyo pima tangi kwanza. Hesabu kina cha maji yanayoweza kufyonzwa, si kina cha tangi zima, maana maji yaliyo chini ya mdomo wa bomba la kufyonzea hayatakusaidia. Nalisema hili kwa sababu nimekuta majengo yanayotegemea simtenki moja la lita 5,000. Kwa mtiririko huo, lingekwisha kabla ya dakika tano.

Tukishajua mahitaji, ndipo tunarudi kwenye bomba. Bomba zuri la inchi 4, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 105, likipitisha lita 1,080 kwa dakika linakula kama bar 0.3 katika mita zenu 60. Hiyo si kitu. Sasa chukua bomba hilohilo lililoota kutu. Kwenye kanuni ya Hazen-Williams tunayotumia, ulaini wa ndani wa bomba hupewa namba: chuma kizuri 120, na chuma kilichochakaa kinaweza kushuka hadi 60 au chini yake. Namba ikishuka kutoka 120 hadi 60, presha inayoliwa njiani inapanda mara 3.6. Kutu ikibana pia njia ya maji kutoka milimita 105 hadi 80, inapanda tena mara 3.8 hivi. Zidisha yote mawili kwa ile bar 0.3, unavuka bar 4. Yaani presha yote ambayo fundi wako aliiona kwenye geji ingeliwa chini ya ua, kabla tone moja halijafika kwenye duka. Na bado hatujahesabu kupanda juu, ambako kila mita 10 hula karibu bar 1.

Kipimo chenyewe si cha ajabu, kinataka utaratibu tu. Waarifu kwanza Zimamoto na wanaosimamia kengele zenu, na uamue maji yatamwagikia wapi, maana lita elfu moja kwa dakika zinafurika hadi kwa jirani upesi. Funga geji mbili zilizohakikiwa, moja kwenye mdomo wa kutolea wa pampu, nyingine kwenye valvu kuu ndani ya jengo. Zisome maji yakiwa yamelala na uandike tofauti yake, ambayo inatokana na mwinuko wa ardhi tu. Kisha washa pampu kubwa, fungua valvu ya kumwagia polepole, na upime mtiririko kwa mita. Kama hakuna mita, elekeza maji kwenye tangi unalojua ujazo wake na ushike saa. Zisome geji zote mbili kwa wakati mmoja. Ukiondoa ile tofauti ya mwinuko, kilichobaki ndicho kinacholiwa njiani.

Katika jengo moja la umri kama wenu, pia hapo mjini, tulipata hivi: lita 600 kwa dakika, na bar 0.9 imeliwa. Kwa macho namba hiyo haitishi. Lakini presha inayoliwa haipandi sambamba na maji, inapanda kwa kipeo cha 1.85. Kutoka lita 600 hadi 1,080 maji yameongezeka mara 1.8, na hasara inaongezeka karibu mara 3. Bar 0.9 inageuka bar 2.7. Pampu ya pale haikuwa na presha hiyo ya ziada, na hapo mwenye jengo alikuwa tayari kusaini mkataba wa kung'oa.

Tukamwomba asubiri, tukahamisha geji. Tuliiweka kabla ya geti valvu iliyo njiani, ile yenye kibamba cha chuma (geti) kinachoshuka kufunga njia, kisha baada yake, maji yakiwa yanatembea vilevile. Katika ile bar 0.9, bar 0.5 ilikuwa imepotelea kwenye valvu hiyo moja. Usukani wake ulizunguka hadi mwisho na kila mtu aliamini iko wazi, kumbe geti lilikuwa limekatika kwenye ufito wake na kuning'inia nusu njia. Tulipobadilisha valvu ilibaki bar 0.4, ambayo kwa mtiririko kamili inafika kama bar 1.2. Hiyo pampu iliiweza. Bomba lilikuwa na kutu, ndiyo, lakini lilibaki na kazi yake, likaingizwa kwenye orodha ya kupimwa kila mwaka.

Ndiyo maana nasisitiza: hasara ikiwa mahali pamoja, tafuta valvu, chujio la pampu lililoziba, au valvu ya kuzuia maji kurudi ambayo kilango chake kimekwama. Hasara ikiwa imetapakaa njia nzima, hiyo ni kutu.

Wakati maji yanamwagika, funga gunia la katani kwenye mdomo wa bomba la kumwagia, ulikaze kwa waya. Maji mekundu ya mwanzo yasikutishe, mekundu ni ya kawaida na husafika. Angalia kitakachobaki kwenye gunia. Tundu la springla ya kawaida lina upana wa milimita 12.7. Ukikuta magamba ya kutu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, jua kwamba siku springla zitakapofunguka kwa joto la moto magamba hayo yatakimbilia huko huko na kuziba. Hapo hata kama presha inatosha, mfumo bado hautoshi.

Kisha kata kipande. Wenye majengo huogopa hatua hii, na mimi naithamini kuliko zote. Chagua sehemu ya chini kabisa ya njia, toa kipande cha sentimita 30, kipasue kwa urefu. Utaona vinundu vya kahawia vimesimama kama vichuguu. Usiishie kuvitazama, chukua bisibisi, ubandue kimoja. Ndani kinaweza kuwa cheusi, laini, na harufu ya yai viza. Chini yake utakuta shimo linalong'aa. Harufu hiyo na shimo hilo ni dalili ya bakteria wanaokula chuma kutoka chini ya kinundu, na hapo kusukutua bomba kwa maji peke yake hakutatosha. Pima unene uliobaki kwenye shimo lenyewe. Bomba la inchi 4 la daraja la kati, lile lenye mstari wa buluu, lilianza na milimita 4.5. Kwa sehemu ambazo huwezi kuzikata, kuna kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti: pima juu, ubavuni na chini, kwa sababu bomba haliliwi sawasawa pande zote.

Kuhusu mabomba ya ndani, fungua mwisho wa njia iliyo mbali kabisa na valvu kuu, toa springla moja ya mwisho na uchungulie kwa kamera ya waya. Takataka husafiri hadi kwenye vijibomba vya inchi 1 vya mwisho, na huko kutu kidogo inabana sana kuliko kwenye inchi 4. Inawezekana kabisa bomba la nje likawa baya na la ndani zima, au kinyume chake. Bei ya kung'oa vyote bila kupima ni bei ya kutojua.

Jambo moja nakukataza: usikubali mtu apandishe presha ya majaribio hadi bar 15, kama anavyofanya kwa mfumo mpya, ndipo aseme bomba limefaulu. Bomba kushika presha ni habari ya uvujaji. Habari ya mtiririko ni nyingine, na unaweza kupasua bomba lililokuwa na miaka kadhaa mbele yake.

Barua ya bima iandikwe na mhandisi aliyesajiliwa, na iwe na namba: maji yaliyomo tangini, presha ya maji yaliyolala, presha ya maji yanayotembea, lita kwa dakika, na picha ya kipande kilichokatwa. Kiwango cha Ulaya kinataka mabomba na springla zikaguliwe kwa kina kila baada ya miaka 25, nanyi mmeshapita hapo. Cha Marekani, NFPA 25, kinataka bomba lililofukiwa lipimwe mtiririko kila miaka 5, na jaribio la valvu ya kumwagia lifanyike kila mwaka; presha ya mtiririko ikishuka kwa asilimia 10 kutoka kipimo cha awali, sababu itafutwe. Nyinyi hamna kipimo cha awali. Cha sasa ndicho kitakuwa cha awali, kwa hiyo kitunzeni. Na ikionekana bomba la uani limekwisha kweli, badilisheni mita 60 hizo pekee.

SWALI: Kaka mhandisi, salaam. Ninajenga maduka Kariakoo. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, mtaani kwetu lina presha nzuri sana usiku. Naweza kuunga springla moja kwa moja nikaokoa nafasi ya tangi?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Uko mtaa ambao soko lake kuu liliungua Julai 2021, na unajua maduka ya huko yalivyobanana. Presha ya usiku ni presha ya saa ambazo watu hawatumii maji. Pima adhuhuri, pima siku ya mgao, ndipo utajua springla zako zitapewa nini. Bomba la mtaani nalo lina umri wake, lina matoleo yasiyohesabika, na huwezi kulikata kipande kulichunguza.

Tumia maji ya mtaani kujaza tangi. Kwa tangi la lita 65,000, kiwango cha Ulaya kinakupa hadi saa 36 za kulijaza tena, yaani kama lita 30 kwa dakika, na hizo bomba la kawaida la mtaani linaweza kutoa siku lenye maji. Bomba la kujazia lishushie maji kutoka juu ya usawa wa maji ya tangi. Maji yaliyolala ndani ya springla kwa miaka ni meusi na yananuka, yasipate njia hata moja ya kurudi kwenye maji ya kunywa ya majirani.

SWALI: Mhandisi, twakusalimu kutoka Diani. Tuna hoteli ndogo, na springla zetu twazijaza maji ya kisima, ambayo yana chumvi. Mabomba ni ya chuma cha zinki, lakini yatoboka matundu madogo madogo kwenye maungio. Twaziba hapa, latoboka pale. Shida ni zinki mbaya?
Meneja wa hoteli, Diani

JIBU: Salamu zimefika, bwana. Zinki yaweza kuwa nzuri kabisa. Kwenye bomba lililojaa maji huku hewa imenaswa juu, zinki huliwa kwa madoa badala ya kuliwa sawasawa, na pale doa lilipo ndipo tundu huchimbika. Chumvi yaongeza kasi. Kwenye maungio ndiko kunaanza kwa sababu nyuzi zilipokatwa chuma kilibaki chembamba kuliko kwingine kote.

Acheni kuziba. Bamba la kuziba lazuia maji tu, halirudishi chuma. Kateni viungo viwili vitatu vilivyotoboka na viungo viwili vitatu ambavyo bado havijatoboka, mlinganishe unene. Ikiwa ambavyo havijatoboka navyo vimeliwa nusu, njia nzima ibadilishwe.

Kisha mbadilishe maji, la sivyo mabomba mapya yatafuata ya zamani. Hoteli huwa kwenye hatari ya kawaida, kundi la kwanza: milimita 5 kwa dakika juu ya mita za mraba 72, yaani lita 360 kwa dakika, na kwa saa nzima lita 21,600. Hayo ni maboza matatu ya lita 10,000 ya maji matamu, yanunuliwe mara moja na yakae kwenye tangi lake, lisiguswe na jikoni wala bustani. Kisima chenye chumvi kiachwe kuwa akiba ya mwisho wakati wa moto. Kikitumika, sukutueni mfumo wote kwa maji matamu siku hiyohiyo. Wekeni pia valvu ya kutolea hewa kwenye sehemu ya juu kabisa, muifungue kila mnapojaza.

SWALI: Mzee wangu, kwa nini tusiweke mabomba ya plastiki ya PPR tukamaliza habari ya kutu?
Fundi bomba kijana, Tanga

JIBU: Kwa sababu springla hufanya kazi ndani ya chumba kinachoungua, kijana wangu. PPR ya maji ya nyumbani hulainika kwa joto, ikipasuka juu ya moto maji yote yanamwagika hapo na springla za mbele hazipati kitu. Kuna plastiki za CPVC zilizothibitishwa mahususi kwa springla, kwa maeneo ya hatari ndogo na kwa masharti yake, na kila kipande kina alama ya uthibitisho huo. Kama huoni alama, usifunge. Chini ya ardhi ni tofauti: plastiki ya HDPE ya PN16, yaani ya kuhimili bar 16, ni chaguo zuri sana, haioti kutu na inavumilia udongo wa chumvi wa kwenu. Iishie nje ya ukuta wa jengo, uunge kwa flenji, na kuanzia hapo utumie chuma.